Mgeni wa Figo

Kaeni vizuri, na mwenye mazoea ya kutikisa goti alishike kwa mkono, maana haya yalitokea kwenye jengo ambalo goti moja likitikisika, kazi ya wiki nzima inamwagika.

Jengo lenyewe lina ghorofa tatu, na pale chini kabisa, nyuma ya milango miwili mizito, kuna mkubwa mmoja anayeogopwa kuliko mkurugenzi. Mfikirieni: mrefu kuliko mlango, mnene kuliko pipa, hana macho lakini anaona kisichoonekana, hapendi mwanga, hapendi hewa, hapendi kelele, na ukikohoa karibu naye anakuwa kipofu. Mkishindwa, ni hadubini ya elektroni. Zile hadubini za kawaida za hospitali zinaona seli kama unavyoona nyumba ukiwa mlimani: bati hili, ukuta ule. Hii ya elektroni inaingia mpaka jikoni na kuhesabu vijiko.

Aliyekuwa akiilisha mashine hiyo ni mwanamke mmoja wa makamo, watu wote wakimwita Mama Kope. Jina lilitokana na kazi. Kipande cha mwili wa mgonjwa, kidogo kama punje ya ulezi, kinaloweshwa kwenye dawa, kinazamishwa kwenye gundi ya plastiki, kikishaganda kikawa kigumu kama kwato kinakatwa kwa kisu cha almasi. Wala si kukata kama kitunguu. Chukua unywele mmoja wa kichwani, upasue kwa wembamba mara elfu moja, na hapo ndipo utapata wembamba wa kipande kimoja alichokata Mama Kope. Vikishakatwa vinaelea kwenye kibeseni cha maji kilichoshikana na kisu, vinang'aa kama magamba ya dagaa. Kidole hakivishiki, wala koleo. Vinasogezwa kwa ukope. Ukope wa kweli, uliong'olewa jichoni mwa mtu, ukabandikwa kwenye kijiti kwa rangi ya kucha. Wengine walijaribu nywele za paka, wengine za brashi, wakarudi kwa Mama Kope wameinamisha vichwa. Kope zake zilikuwa na mkunjo wa adabu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameng'oa mpaka jicho la kushoto likawa na upara.

Basi mkataji huyo alikuwa na mama mkwe, na mama mkwe alivimba.

Uvimbe ulianza nyayoni, ukapanda magotini, ukaruka kiuno kama mtu anayekimbia deni, ukatokea machoni. Mkojo ukawa na povu kama sufuria ya sabuni. Hospitali wakamchoma sindano mgongoni, wakatoa punje ya figo. Nusu ya punje ikaangaliwa kwa hadubini ya kawaida, ikaonekana haina neno. Nusu nyingine ikapelekwa kwa Mama Kope ndani ya kichupa, na daktari mwenyewe akapiga simu.

"Mama Kope, kuna magonjwa mawili hapa, ukiyaona kwa nje utasema ni mtu na kivuli chake. La kwanza linasikia vidonge. La pili linataka dawa kali ya mshipani, na kwa umri wa bibi huyu, dawa hiyo inaweza kummaliza kabla ya ugonjwa. Tofauti yake iko kwenye kichujio cha figo: utando ukiwa msafi na vijiguu vya seli zake vimelala, ni la vidonge; utando ukiwa na madoa, ni la pili, na hayo hakuna anayeyaona ila mashine yenu."

"Nitakata leo, daktari."

"Kata. Maji yanaelekea mapafuni, siwezi kukaa naye hivi hivi. Ijumaa saa tisa alasiri naanza dawa. Nikiwa na picha, nitatoa iliyo sahihi. Nisipokuwa nayo, nitatoa ya mshipani kwa kubahatisha, Mungu anisamehe."

Mama Kope akakata. Ile punje ilikuwa ndogo, ikatoa vipande vya kujaza nyavu tatu tu. Nyavu hizi ni visahani vya shaba vyenye matundu, vidogo kama dengu, na ndivyo vinavyoingia ndani ya mashine. Wavu wa kwanza ukaharibika wakati wa kutiwa rangi. Rangi hiyo ina madini ya risasi, nayo ina wivu: ukiipumulia inaganda na kumwaga masizi juu ya kazi yako. Wakataji wote hubana pumzi. Mama Kope alibana vizuri tu, mpaka jicho lake likaangukia lebo ya kichupa, akaona jina la mama mkwe wake limeandikwa kwa kalamu kama la mgonjwa mwingine yeyote. Akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya huruma, lakini risasi haijui huruma. Wavu ukawa mweusi tititi.

Wavu wa pili uliungulia ndani ya mashine siku ya Alhamisi, kwa sababu ya mtikisiko.

Huo mtikisiko nao una habari yake. Miezi saba ilikuwa imepita tangu picha za mashine zianze kucheza, mwanzoni mara moja moja tu. Ukitaka kupiga picha moja, kipande lazima kitulie sekunde kumi na mbili bila kusogea hata upana wa wazo, na hakikutulia. Profesa, mkuu wa jengo, akaunda Kamati ya Mtikisiko. Akajiteua mwenyekiti, na ili awe karibu na tatizo, akahamishia ofisi yake juu kabisa ya chumba cha mashine. Kamati ilizunguka kila chumba na glasi ya maji, ikiangalia maji yanacheza wapi. Yalicheza kila kamati ilikopita. Wakazima friji, wakasimamisha lifti, wakamkataza karani wa mapokezi kupiga mhuri kwa nguvu, na kila Alhamisi wakakutana kujadili utulivu mpaka sauti zikasikika barabarani. Barua ya mwisho ya kamati iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya arobaini na moja.

Sasa ilikuwa Ijumaa, wavu mmoja mkononi, na saa nne asubuhi mama mkwe akateremka kwenye teksi.

Alikuwa na fimbo, mkoba, na miguu kama mihogo miwili iliyofungwa kanga. Mlinzi akamfungulia daftari la wageni.

"Karibu, bibi. Unamtembelea nani?"

"Figo langu."

Mlinzi alikuwa mtu wa kufuata daftari. Akaandika.

"Yuko idara gani?"

"Mimi nijue idara? Mke wa mwanangu ndiye aliyelichukua akalileta kazini kwake. Siku ya tatu leo halijarudi."

"Hapa kuna sehemu ya uhusiano. Wewe na figo ni nani na nani?"

"Tumezaliwa siku moja, tumbo moja."

"Basi pacha," mlinzi akasema, akaandika pacha. "Utakaa muda gani?"

"Mpaka litoke."

Mama Kope akaitwa. Akaja mbio akiwa na koti jeupe na kofia ya nailoni, akamkuta mama mkwe amekwishakalia kiti cha mlinzi, mbele ya kile kipaza sauti kinachosikika jengo zima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Liko wapi?"

"Mama, daktari alisema ulale. Miguu juu."

"Nililala. Nikawaza. Nikasema, kuku wangu nikimpeleka kwa jirani namsindikiza, sembuse figo. Umeliweka mahali pazuri?"

"Liko salama. Kimebaki kipande kimoja."

"Kimoja? Si mlichukua zaidi?"

Mama Kope hakuwahi kumdanganya mama mkwe wake kwa miaka thelathini na mmoja, si kwa wema, ni kwa sababu uongo kwake haukuwahi kufaulu. Akamweleza habari ya pumzi, na habari ya mtikisiko.

Mama mkwe akamwangalia kwa yale macho yaliyovimba, membamba kama tundu la kuwekea barua.

"Kwa hiyo umenipumulia."

"Nilikuonea huruma, mama."

"Miaka thelathini na mmoja huruma umeificha, ukaja kuitolea kwenye figo. Haya. Nionyeshe hiyo mashine."

"Huwezi kuingia. Ukiingia wewe, joto la mwili wako peke yake linaisumbua."

"Mimi nalisumbua figo langu mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Basi nakaa hapa. Nenda kafanye kazi."

Ndani ya chumba cha mashine alikuwamo fundi mmoja wa siku nyingi, aliyebakiza mwezi astaafu, wanamwita Babu Giza. Alikuwa amekaa gizani miaka mingi hata akitoka nje mchana alitembea akipapasa. Akaupokea wavu kwa koleo kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akauingiza, akaifyonza hewa ya ndani ya mashine, akawasha mwale. Kwenye kioo cha kijani vikatokea vivuli.

Ilichukua mpaka saa saba mchana kukipata kichujio, maana kwenye wavu mzima kilikuwamo kimoja tu. Kilikuwa chenye mikunjo, kama kitambaa kilichosokotwa na fundi mlevi. Kikacheza, kikasimama, kikacheza.

"Sikiliza, Mama Kope," Babu Giza akasema. "Mwale huu unachoma. Kipande kitavumilia picha nne. Ya tano utapiga picha ya tundu."

"Nne zinatosha, babu. Tunataka moja."

Wakawasha taa nyekundu ya ukorido. Sheria ilikuwa, taa ikiwaka mlinzi atangaze, na kila mtu agande alipo. Mlinzi akainamia kipaza sauti, akapiga kidole mara mbili, akasema, "Tulieni."

Milango yote ikafunguka. Watu wakatoka kwenye ukorido kuuliza nani hajatulia. Wa ghorofa ya tatu wakachungulia ngazini kuwauliza wa ghorofa ya pili kama ni wao. Karani wa mapokezi akasema yeye ametulia tangu asubuhi, na alisema hivyo akipiga meza. Picha ya kwanza ikatoka kama ukungu uliopigwa kofi.

Mama Kope akatoka, jasho linamtiririka shingoni.

"Imekuwaje?" mama mkwe akauliza.

"Wamesogea."

"Ukimwambia mtu atulie, si umemkumbusha ana miguu? Wewe umelea watoto watatu nyumbani kwangu. Walipokuwa wakirukaruka, mimi niliwaambia tulieni?"

"Hapana, mama. Ulikuwa ukiwategea kitendawili."

"Lete hicho kitu." Akakivuta kipaza sauti. Mlinzi akaanza kusema kwamba wageni hawaruhusiwi, akaangalia daftari, akaona ni pacha wa kilichomo ndani, akanyamaza.

Mama Kope akarudi gizani. Jengo zima likasikia sauti nzito ya mwanamke mzee, yenye mkwaruzo wa maji kifuani.

"Kitendawili."

Halafu kutoka ghorofa zote, kwa haya kwanza, kisha kwa nguvu, "Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Hapo alikosea. Watu mia moja na kitu, wenye shahada za kila rangi, wakaruka pamoja na kupiga kelele, "Yai." Vumbi lilianguka kwenye dari. Picha ya pili ikaonyesha vichujio vitatu mahali pa kimoja.

"Nimewapa cha watoto," mama mkwe akamwambia mlinzi. "Niliwadharau, wana akili za darasa la pili kumbe. Sasa ngoja."

Akameza mate, akafikiri, uso umekunjamana. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika tano.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nikimtafuta simpati. Nikimwita haji. Nikimsahau, ananikuta nilipo."

Na hapo, ndugu zangu, jengo likasimama. Aliyekuwa akimimina chai alibaki na birika hewani. Aliyekuwa akipanda ngazi alibaki mguu mmoja juu. Wasomi wale walizoea maswali ya kutafutia vitabuni, na hili halikuwa na kitabu. Walisimama midomo wazi kama samaki kwenye barafu, wala hakuna aliyekumbuka kujikuna.

Kwenye kioo, kichujio kikaanza kutulia. Picha ikakaza, kama maji ya kisima baada ya ndoo kutolewa. Mama Kope akaona ukingo wa mshipa mdogo wa damu. Akaanza kuona utando. Babu Giza akabonyeza.

Ndipo kichujio kikaruka. Kidogo tu. Kikaruka tena. Mara nne, kikapumzika. Mara nne, kikapumzika.

Mama Kope akahesabu bila kutaka. Moja, mbili, tatu, nne. Kimya cha mtu anayegeuka. Moja, mbili, tatu, nne. Akainua uso taratibu, akaangalia dari.

"Babu," akanong'ona, "juu yetu kuna nani?"

"Mwenyekiti wa Kamati ya Mtikisiko."

"Na anapofikiri huwa anafanya nini?"

Babu Giza naye akainua uso darini. "Anatembea," akasema. "Hatua nne mpaka dirishani, hatua nne mpaka kabatini. Na tangu ahamie hapo juu, hafikirii kitu kingine ila mtikisiko."

Miezi yote hiyo makelele ya jengo yalimficha. Sasa wote walipotulia, alibaki peke yake kama jogoo aliyewika mchana.

Nje, kitendawili kilikuwa kimewashinda. Wengine walisema bahati, wengine mume, mmoja wa ghorofa ya tatu akasema umeme. Mama mkwe akawakatalia wote.

"Nipeni mji."

Wakashauriana ngazini. Karani wa mapokezi akasema wampe ghorofa ya pili, kwa kuwa haina kazi sana.

"Nimeipokea ghorofa ya pili," mama mkwe akatangaza. "Nimeingia, nimekuta viti vibovu na watu wazuri. Nimekaa nao, tumekula, tumenawa. Jibu ni usingizi."

Jengo zima likaguna kama ng'ombe aliyetua mzigo. Toka hapo mlinzi alimsimamisha kila anayepanda ghorofa ya pili, akamwelekeza kwa bibi aombe ruhusa, na bibi aliwapa, isipokuwa mmoja ambaye hakumsalimia.

Profesa akashuka ngazi mbio. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nilikuwa karibu," akasema. "Nilikuwa nimeshafika kwenye kivuli, kutoka kivuli ningeingia ndoto, kutoka ndoto ni hatua moja tu."

"Profesa," Mama Kope akasema. "Samahani. Tumeupata mtikisiko."

"Uko wapi?"

"Uko... unapofikiri, Profesa, unatembea."

"Kila mtu anayefikiri hutembea."

"Unatembea juu ya mashine."

Profesa akavua miwani, akaifuta. "Mama Kope, nakuheshimu. Lakini kuna zulia. Hata hivyo si jambo la kulikataa moja kwa moja. Lilete kwenye kamati Alhamisi, tulifikirie." Na alipolifikiria, akaenda hatua nne mpaka mlangoni, akageuka.

Saa nane na nusu. Mama Kope alitaka kupiga magoti, alitaka kumshika Profesa mabega amkalishe kama mtoto wa chekechea. Miaka ishirini na sita ya adabu ikamzuia. Akageuka kwa mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamwomba kitu.

"Mama, nisaidie. Imebaki picha moja. Huyu bwana akifikiri, umekwisha."

Mama mkwe alimtazama Profesa kutoka miwani mpaka viatu, kama mtu anayechagua nazi.

"Asiyejua hutembea," akamwambia mkwewe kwa sauti ya chini. "Anayejua husimama ili aonekane." Halafu kwa sauti ya juu, tamu kama ya bibi kwa mjukuu, "Mwanangu, njoo hapa. Inama."

Profesa akainama.

"Nina kitendawili kingine sasa hivi. Wewe ni mkubwa wa hapa, si vizuri ukishindwa mbele ya watu wako mara mbili. Nitakupa jibu kabla. Lakini usilitoe mpaka taa nyekundu izimike. Utalibeba?"

"Nitalibeba," Profesa akasema, masikio yamemsimama.

Akamnong'oneza neno moja. Uso wa Profesa ukafunguka kama dirisha. Akapanda ngazi, safari hii bila haraka, ametanguliza kifua.

Taa nyekundu ikawaka. Babu Giza akaweka kidole kwenye kitufe. Mama Kope akabana pumzi.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu akishiba husimama. Akiwa na njaa hulala."

Jengo likaganda tena. Mambo ya shamba na ghala hayakuwa yao wale. Walitafuta kwenye vichwa vyao wakakuta vitu vingine kabisa. Birika likabaki hewani, mguu ukabaki juu ya ngazi. Na juu ya chumba cha mashine, katikati ya zulia, mtu mmoja alisimama wima, mikono nyuma, midomo imebana tabasamu, mzito wa jibu moja tu, hasogei kushoto wala kulia.

Kichujio kikatulia.

Kilitulia kama kitu kilichochorwa. Sekunde ya tatu, ya tano. Mama Kope akaona macho yanamwasha, hakupepesa. Ya nane. Kutoka kifuani kwa mama mkwe, kule nje kwenye kiti cha mlinzi, kikohozi kikaanza kupanda. Mlinzi alikiona kinavyokuja. Mama mkwe akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, akakishika kile kikohozi kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, mabega hayakutikisika. Ya kumi. Ya kumi na mbili.

"Nimeipata," Babu Giza akasema, kisha akarudia polepole kana kwamba hajiamini. Taa ikazimika. Mama mkwe akakohoa mpaka mlinzi akamletea maji, na Profesa akasikika akishuka ngazi tatu tatu, akimwambia kila aliyemkuta njiani, "Gunia. Ni gunia."

Picha ikawekwa kwenye kioo kikubwa. Profesa, haki yake apewe, picha alijua kuzisoma. Akainama, akafuata utando kwa ncha ya kalamu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi tena. Hakutembea. Mama Kope alisimama nyuma yake, na yeye alikuwa amekwishaona.

"Utando msafi," Profesa akasema. "Hauna doa, hauna uvimbe. Na vijiguu vyote vimelala."

"Vyote?"

"Tazama. Hakikusimama hata kimoja. Huu ni ule ugonjwa wa vidonge."

Mama Kope akapiga simu saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Daktari alimsikiliza, akamwuliza swali moja kuhusu utando, akamwambia arudie jibu. Halafu akasema, "Ile ya mshipani nairudisha kabatini. Mlete bibi, aanze leo."

Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo wakamruhusu mama mkwe kuingia. Mama Kope alimshika mkono mmoja, mlinzi mwingine. Wakamkalisha mbele ya kioo. Alikaa muda, fimbo katikati ya magoti.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ni sehemu yako ndogo sana, mama. Hapa ndipo damu inapopita. Hizi seli zimekaa juu ya mshipa kwa vijiguu, kama watu waliokaa ukutani wakining'iniza miguu, na mkojo unachujwa katikati ya mguu na mguu. Kama chujio la chai. Sasa vijiguu vimelala bapa, chujio halijui tena cha kubakiza na cha kupitisha. Chakula cha damu kinavuja, maji yanabaki mwilini."

"Vimelala kwa nini?"

"Hatujui, mama. Hata Profesa hajui."

"Na vidonge vinaviamsha."

"Mara nyingi vinaviamsha. Inachukua wiki kadhaa."

Mama mkwe akakisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. Aliangalia ule utando mrefu mweupe, na zile seli zilizojilaza juu yake kama wafanyakazi walioshiba.

"Na hiki kipande ulikikata wewe," akasema.

"Mimi, mama."

"Kwa mkono."

"Kwa mkono."

Alifungua mkoba, akatoa leso, akampangusa mkwewe jasho la shingoni, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

Hospitali wakaenda kwa teksi. Daktari akampa vidonge kumi na viwili vya kumeza kwa mkupuo kila asubuhi baada ya kula. Vikampa njaa ya askari na maneno ya kasuku, akawa anaamka alfajiri kuwaambia watu wa nyumbani mambo waliyokosea miaka iliyopita. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili pia. Mama Kope alikuwa akirudi kazini, anavua viatu, anaenda moja kwa moja kuangalia chupa ya mkojo wa mama mkwe iliyowekwa dirishani, anaitikisa, anaona povu, anaiweka chini.

Wiki ya nne, siku ya Jumanne, akaitikisa, na povu halikukaa. Akaitikisa tena. Maji yalicheza, yakatulia, yakabaki maji.

Kliniki iliyofuata daktari alimlaza mama mkwe kitandani, akabonyeza kidole gumba kwenye muundi wake, akakihesabia mpaka kumi, akakitoa. Ngozi ikarudi palepale, haikuacha shimo. Akabonyeza mguu wa pili.

"Daktari," mama mkwe akasema, "ukimaliza kunitomasa, mwambie huyu mkwe wangu aniazime viatu. Nimekuja na vya mwanangu, nilivyovaa tangu nivimbe, na sasa vinanipwaya."